Baba Aliyenyimwa Maji ya Ubatizo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyotoka Mto Lusumu na mtungi wa maji kichwani, nikiwa nimekipita kisima chetu ambacho kilikuwa karibu, tena chenye maji safi kuliko ya mto. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa msichana mkubwa, mwenye akili ya kutosha kuchanganya mambo lakini isiyotosha kuyatenganisha, na nilikuwa nimeamua kumwokoa baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nakuambia haya kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi ulipokuja kutoka mjini Kakamega. Ulikuwa unanichambulia kunde, ukaacha, ukaniangalia. "Kukhu," ukasema, yaani nyanya, "mwalimu wetu wa ubatizo anasema asiyezamishwa majini amepotea. Sasa baba yako je?" Halafu machozi yakakutoka, kwa ajili ya mtu ambaye hukuwahi kumwona. Nilikuambia uchochee moto, nikaona umeninunia. Haikuwa dharau, Sheila. Swali kama lile halijibiwi huku mtu anasonga ugali. Lakini Jumapili unaingia majini, na sitaki uingie na jambo hilo kooni. Basi keti. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na haya niliyaona.

Baba ninayemsema si yeye aliyenizaa. Aliyenizaa alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Huyu alikuwa kaka yake, Lutomia, mkulima wa miwa upande huu wetu wa Butali, na tayari alikuwa na mke, Mama Mkubwa Dina. Baada ya mazishi ukoo uliketi, kama ulivyokuwa ukiketi zamani hizo, ukasema mjane asitangetange na mtoto, Lutomia amchukue. Najua leo mnaiuliza desturi hiyo maswali mengi, na mengi ni ya haki, kwa maana wako wajane iliowaumiza. Lakini mama yangu Nasimiyu aliulizwa akakubali. Mama Mkubwa naye aliulizwa, akasema huyo mwanamke apewe chumba kisichovuja. Damu nzito kuliko maji. Baba alitujengea nyumba, akanilea pamoja na watoto wake, na ingokho, yaani kuku, ilipochinjwa pale nyumbani sikuwahi kulilia kipande changu.

Miaka ikapita, Injili ikamfikia. Alimwamini Yesu kwa moyo wake wote, kama alivyofanya kila kitu, bila kelele. Aliacha pombe. Akaenda kwa jirani waliyekuwa wamekosana kwa sababu ya mpaka, akamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Kanisa letu lilipojengwa, mawe ya msingi mengi alibeba yeye. Kitu kimoja tu alikikosa. Kanisa lilikuwa na sheria kwamba mwanamume mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja.

Usikimbilie kuichukia sheria hiyo, mwanangu. Mimi niliichukia kwa miaka, sasa nimezeeka naiona vizuri zaidi. Walioiweka walikuwa wameona wasichana wadogo wakipewa wazee, na nyumba zikiteketea kwa wivu. Walikuwa wanalinda kitu cha thamani. Ila sheria haiingii nyumba kwa nyumba kuangalia nani anaishi humo na alifikaje. Kwa sheria, mama yangu alikuwa mke wa pili, basi.

Kwa hiyo Baba alikaa darasa la ubatizo mwaka baada ya mwaka. Aliingia na watoto, watoto wakabatizwa wakamwacha, wakaja wengine. Mwalimu wetu wa kanisa alikuwa mzee Zablon, mtu mwembamba wa sauti ya chini, na alipouliza maswali Baba alijibu kila mara, maana aliyajua yote. Kila Jumapili ya meza ya Bwana, kabla mkate haujamegwa, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema wasiobatizwa watoke. Baba alichukua kofia yake akatoka, akasimama nje karibu na ua. Mimi nilisimama naye. Siku moja nilimwuliza, "Baba, wewe huoni haya?"

"Nasikiliza wimbo," akanijibu. "Unasikikanga mpaka hapa."

Ibada ilipoisha alirudi ndani kusaidia kupanga viti. Mimi nilikuwa naumwa na hasira kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kuwa nayo.

Kisha akaugua. Kifua kilimbana, akakonda, akawa wa kulazwa na kuamshwa. Alasiri moja wakaja wazee watatu wa kanisa, na mzee Zablon nyuma yao. Hawakuja kwa ubaya, nataka ujue hilo. Mmoja wao alikuwa na machozi. Walimwambia Baba kwamba hali yake wanaiona, na hawataki afe bila ubatizo. Kama Nasimiyu atarudi kwao Mayoni, hata leo, watambatiza palepale kitandani.

Baba alifunga macho. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaondoka bila neno, na sisi tukadhani ameenda kulia. Kumbe alienda kufunga nguo zake. Alirudi na furushi kichwani, akapiga magoti karibu na kitanda.

"Baba Respa," akamwambia, akimwita kwa jina langu, "mimi naenda. Nyumba itabaki. Roho yako ni kubwa kuliko nyumba yangu. Wewe bariki tu niende."

Sijui kama umewahi kuona watu wazima wakikosa mahali pa kuweka macho yao. Hata wazee wale waliangalia sakafu. Nilimwangalia Mama Mkubwa, nikifikiri kama kuna siku mtu angefurahi kubaki peke yake, ni hiyo. Mama Mkubwa akainuka, akamtua mama yangu lile furushi, akaketi, akaliweka mapajani, akaanza kulifungua. Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno.

Baba akafumbua macho. "Nilimwahidi ndugu yangu kaburini," akawaambia wazee, akipumzika katikati ya maneno. "Huyu mama hana kosa. Nikimfukuza ndio niingie kwa maji, nitamwambia Bwana nimekuja na nini? Ninaomba maji. Ninayataka kabisa. Lakini sitayapata kwa kumtupa mtu."

Wazee waliomba wakaenda. Hawakuwa na ruhusa ya kufanya zaidi, na Baba hakuwalaumu. Ni mimi niliyebaki nikipiga hesabu. Niliona mambo mawili tu: mama aondoke, au Baba apotee milele. Nikakesha na hesabu hiyo, na kulipokucha nikawa nimepata ya tatu. Kama kilichohitajika ni maji, mimi nitayaleta.

Sasa utanicheka, na una ruhusa. Nilijua kwamba maji ya kisimani hayatafaa. Lazima yawe ya pale kwenye kona ya Lusumu kanisa lilipokuwa linabatizia, kwa maana mchungaji alikuwa ameomba pale mara nyingi, na mimi niliamini maombi yamekaa ndani ya maji. Kwamba mto unatembea, na maji aliyoyaombea mchungaji yalikuwa yameshapita Mto Nzoia zamani, sikuwaza. Nilijaza mtungi mpaka ukafurika. Nilipanga kumwagia Baba akiwa amelala, nitaje jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi, kazi iishe.

Nilipofika kwenye njia ya kati ya mashamba ya miwa nikakutana na mzee Zablon, anaelekea kwetu kumwona mgonjwa.

"Umetoka mtoni?" akauliza. "Kisima chenu kimekauka?"

Nilijaribu kusema uongo, ukakataa kutoka. Nikamweleza yote. Nilitegemea anikemee kwa sauti, lakini yeye aliutua ule mtungi kutoka kichwani pangu, akauweka chini, akaketi kwenye nyasi za kando ya njia. Akaniambia niketi.

"Mukhana wanje," akasema, yaani binti yangu, "wokovu haubebwangi kwa mtungi. Ungekuwa unabebwa, mimi ningekuwa nimemletea baba yako zamani, hata kwa kuiba."

Nikamwuliza kwa hasira, kama maji si kitu, kwa nini wanayafanya makubwa hivyo.

"Nani amesema si kitu? Sikiliza. Kijana akimpenda msichana, anapeleka ng'ombe. Ni ng'ombe ndio wameleta mapenzi?"

"Hapana."

"Mapenzi yalitangulia. Ng'ombe wanayatoa nje, watu wote wayaone, na ukoo ujue huyu sasa ni wa wapi. Mwenye kuokoa ni Kristo. Ameshatupenda, ameshakufa, ameshafufuka. Ukimwamini, unaingia majini mbele ya watu. Ukizama, unasema mtu wangu wa kale amezikwa pamoja naye. Ukitoka, unasema naishi kwa uzima wake. Sasa wewe ukimmwagia mtu amelala, ni nani amesema nini?"

Akaniambia jambo jingine, na sauti yake ikawa kali kidogo. "Na ulikuwa unataka kumwokoa baba yako bila Mungu kujua? Unafikiri Mungu hajamwona kule nje kwa ua, Jumapili zote hizo? Usimfanye Mungu kuwa mdogo kuliko wewe." Hapo ndipo nililia. Alikuwa amenikemea mahali penyewe.

Alinibebea mtungi hadi nyumbani, mzee mzima, mwalimu wa kanisa, watu wakimwangalia. Baba alipousikia mkasa alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akaomba kikombe cha maji hayo anywe, maana koo lilikuwa limekauka. Yaliyobaki Mama Mkubwa aliyapasha moto, na yeye na mama yangu wakamwogesha nayo, mmoja akimshika mgongo na mwingine akimsugua miguu. Mzee Zablon alitoka nje akakaa kwenye kigoda mpaka walipomaliza. Hakuna aliyeita jambo hilo ubatizo, na mimi siliiti hivyo. Lilikuwa kuoga kwa mgonjwa. Baadaye mzee Zablon aliingia, akamwuliza Baba kama bado anamwamini Bwana Yesu. Baba akasema, "Sina mwingine."

Alikufa wiki hiyohiyo, mchana, mlango ukiwa wazi. Kanisa halikumzika, kwa sababu kanuni ilikuwa hivyo kwa asiyebatizwa. Ukoo ulimzika. Kwaya haikuja na sare zake, ingawa wanakwaya walikuja mmoja mmoja wakasimama nyuma. Mzee Zablon alikuja na koti lake la kawaida la shamba, si kama mwalimu, bali kama jirani. Mzee wa ukoo alimwuliza mbele ya watu wote, na alimwuliza kwa uchungu, huyu ndugu yetu mliyemnyima maji sasa mnasema yuko wapi.

Zablon hakujitetea. Alisema, "Sisi tulimnyima maji. Sisi hatuna uwezo wa kumnyima Kristo. Aliyemwamini namjua, na yeye anawajua walio wake."

Sheila, hapo ndipo lilipo jibu la swali lako, na ningeweza kuishia hapo. Lakini ningeishia hapo ningekudanganya, kwa sababu kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la mtungi, na ndilo linalowashika wengi wenu wa siku hizi.

Baada ya mazishi niliapa sitabatizwa. Mama yangu, kwa kuwa alikuwa mjane na hakukuwa na kizuizi tena, aliingia darasa la ubatizo. Mama Mkubwa alimsindikiza kila Jumamosi. Mimi nikakataa. Nikawaambia maji ni maji tu, Baba alienda kwa Mungu bila hayo, nami nitaenda hivyohivyo. Hasira hasara, lakini hasira yangu ilikuwa imevaa nguo za imani, na haikuwa rahisi kuitambua. Niliimba nyimbo, niliomba, nilisaidia wagonjwa. Ila mtu akinitajia ubatizo nilinyanyua kidevu. Nilijiona kwamba namtetea Baba.

Mzee Zablon alinivumilia muda mrefu. Siku moja alinikuta napalilia miwa, akasimama kwenye mstari wangu, akaniuliza kama bado nimekataa. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia, tena kwa kiburi, yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakubatizwa, na aliahidiwa peponi siku ileile.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Lakini huyo miguu yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Yako imepigiliwa na nani?"

Jembe lilinishinda kuinua. Akaendelea, polepole, bila kunionea huruma. "Baba yako alinyimwa maji akayalilia mpaka kufa. Wewe umewekewa, na unayakataa kwa jina lake. Unafikiri unamfuata? Yeye alikuwa anasimama nje kwa sababu alifungiwa. Wewe unasimama nje na mlango uko wazi. Hiyo si njia moja, mukhana wanje. Yeye angekuona hivi, angekuomba umpe nafasi yako."

Akaenda zake. Sikupalilia tena siku hiyo. Niliketi palepale katikati ya miwa nikamlilia Baba kama kwamba amekufa asubuhi hiyo, kwa maana niliona kweli kwamba angetoa chochote kile, ila si mama yangu, kupata nilichokuwa nakitupa. Nilikuwa nimemgeuza Baba kuwa kisingizio changu cha kutokutii. Hakustahili hivyo.

Nilibatizwa siku moja na mama yangu. Yeye alitangulia. Maji ya Lusumu yalikuwa baridi mno, na nikizama nilimeza mengine, nikatoka nikikohoa. Sikuona mbingu zikifunguka. Nilijua tu kwamba nimesema mbele ya watu wote mimi ni wa nani, na neno hilo sitaweza kulirudisha mdomoni. Kwenye ukingo Mama Mkubwa alikuwa na leso mkononi. Alinifunika, akanikausha uso kwa nguvu kama mtoto mdogo, akaniambia, "Haya. Sasa anza."

Nimeanza tangu siku hiyo, mwanangu, na kuna siku naona kwamba bado niko mwanzoni. Nimewaona waliobatizwa siku moja nami wakirudi kwa wivu wao na masengenyo yao nywele hazijakauka. Nami kuna siku nilirudi. Maji hayakunifanya malaika. Yalinipa mahali pa kurejea ninapokosea, kwa sababu najua siku niliyomwambia Bwana ndiyo.

Basi shika hili nikuambie wazi. Anayeokoa ni Yesu Kristo, si mto, si mchungaji, si mimi. Usimwambie mtu yeyote aliyefiwa kwamba marehemu wake amepotea kwa kukosa maji. Hukumu hiyo hujapewa. Mwalimu wako mheshimu, amekufundisha mengi mema, lakini hilo mwachie Mungu. Na usije ukageuka upande wa pili ukasema ubatizo ni desturi tu, mradi moyo ni safi. Bwana mwenyewe ndiye aliyetuagiza, na anayempenda hatafuti njia ya kukwepa neno lake. Usiingie majini kwa hofu ya moto, wala kwa sababu wenzako wanaingia na kuna picha za kupigwa. Ingia kwa sababu umempenda aliyekupenda kwanza. Na ukitoka, mtu yeyote aliyesimama nje ya ua, mwite kwa upole. Usimpite ukiwa na leso yako nyeupe.

Mungu aliyemwona Lutomia akiwa nje na kofia mkononi akuone wewe Jumapili ukiwa ndani ya maji. Akuzikie kiburi chako huko chini, akuinue na uzima ambao hautachakaa. Akupe imani isiyotupa watu. Na siku moja, ukifika mezani pake na kumkuta mzee mmoja mkimya ameketi mbele kabisa, umsalimie, umwambie wewe ni mjukuu wa Respa.